Nani Alikuwa Anapika Jikoni Kwangu Wakati Mimi Niko Mwimbi Nafuata Mahindi

Wakuu, salama humu ndani?

Mimi ni msomaji wa kimya kimya wa siku nyingi. Naingia, nasoma ugomvi wenu, nacheka peke yangu, natoka. Ila leo nimeona uzi wa yule dada anayeuliza kama ni kosa kuacha kupika nyumbani kipindi ambacho kazi zimembana, na nimeona mlivyomshukia. Nikasema ngoja na mimi nitoe la kwangu. Limekaa kifuani miaka mingi. Chumvi sitaongeza, halihitaji.

Naandika kwa simu na miwani yangu imevunjika mkono mmoja, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Ilikuwa Sumbawanga, pale Mazwi, miaka ile ya ruksa. Wa rika langu wanaijua. Zamani mahindi ulikuwa unauza ushirika, halafu unakaa kusubiri. Ghafla ikawa mtu yeyote mwenye gunia na mdomo anaweza kununua na kuuza. Malori yakawa yanapanda kutoka Mbeya na Tunduma kama yamefunguliwa kamba. Mitumba ikajaa sokoni, na wanawake tukaanza kuvaa viatu vya mchuchumio, vile vya kisigino kirefu chembamba, kwenye vumbi la Mazwi.

Hivyo viatu mvikumbuke, vitarudi.

Mume wangu, Baba Oresti, alikuwa karani wa ushirika. Akapunguzwa kazi. Baadaye akapata kusimamia mashine ya kusaga ya tajiri mmoja, anarudi jioni mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Mimi nikaingia kwenye mahindi na maharage. Alfajiri nadandia lori kwenda Mwimbi, nazunguka kwa wakulima, nafunga magunia, narudi mjini giza limeshaingia. Mtoto wetu Oresti nilimpeleka kwa mama yangu Kirando, ili angalau yeye apate mtu wa kumwangalia.

Kupika nako kukaanza kupungua.

Sikuamka siku moja nikatangaza mgomo, jamani. Ilianza na chakula cha jioni cha siku ya safari. Nikanunua kwa mama ntilie wa stendi, nikaleta kwenye hotipoti. Halafu ikawa na siku isiyo ya safari, kwa sababu nimechoka na ya jana. Msimu ulipochanganya, nilijikuta sijui hata chumvi imekaa wapi. Mafiga yamepoa, buibui wamejenga juu ya sufuria.

Na wakuu, niseme ukweli, nilikuwa nafurahia. Nilikuwa nimenunua mabati. Mabati yangu mwenyewe!

Sasa, kwenye nyumba ile alikuwepo pia baba mkwe wangu. Mkewe alishafariki. Mzee mwenyewe alianguka akaumia nyonga huko kijijini, karibu na Mwimbi, tukamleta mjini awe karibu na hospitali. Anatembelea fimbo, mguu mmoja anauburuza. Alikuja na gunia lake la ulezi uliosagwa, akaliweka jikoni, akasema kwa mwanawe kwamba yeye ugali mweupe haumshibishi.

Hapa lazima niwaeleze vijana kidogo, la sivyo hamtaelewa.

Kwa malezi niliyolelewa mimi, mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Unamwamkia shikamoo umepiga goti, kwa mbali, macho chini. Chumbani kwake huingii. Jikoni hamkai pamoja. Na humuulizi uso kwa uso, "Baba umekula? Umeshiba?" Hayo unapitisha kwa mumewe, yaani kwa mumeo, au kwa mtoto wake mwingine. Kwa hiyo tulikuwa nyumba moja, na sikuwa na njia ya kujua tumboni kwake kuna nini. Nilimpangia mama ntilie mwingine wa jirani awe anamletea sahani mchana. Sahani zilikuwa zinarudi tupu. Nikahesabu hilo limeisha.

Siku moja wifi yangu Yustina akaniuliza swali. Yustina ni dada wa Baba Oresti, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na sauti yake haihitaji spika.

"Wifi, umeacha biashara?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeona moshi jikoni kwako mchana. Nikasema leo mwenyewe yupo."

Mchana huo mimi nilikuwa Mwimbi.

Nikacheka kidogo nikasema labda ni moshi wa jirani. Lakini nilipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, nilienda jikoni nikaingiza mkono kwenye majivu.

Ya moto!

Wakuu, sijui kama mwanaume anaweza kuelewa hii kitu. Ukikuta mtu amelala kitandani kwako, hilo ni balaa la wazi, unapiga kelele. Lakini ukikuta mtu amewasha moto kwenye mafiga yako, akaosha sufuria, akaifunika tofauti na unavyofunika wewe, huyo hajaja kupita. Huyo anajaribu nyumba kama inamtosha.

Nikaanza upelelezi.

Kwanza unga. Unga mweupe umekaa vile vile, ila ule wa ulezi umeshuka. Dagaa za Kirando alizonitumia mama zimepungua. Kwenye sufuria nikakwangua kidogo na ukucha, nikapata ukoko mweusi. Ugali wa ulezi. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Wasichana wa mjini wa wakati ule walikuwa hawajui kusonga ulezi, unawatoka mabonge. Aliyekuwa anaingia kwangu amefundwa na bibi yake akafundika.

Pili, Baba Oresti mwenyewe. Nikiweka hotipoti mezani, anachovya mara mbili, anasema, "Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Nimeshiba tu."

Mwanaume ametoka kubeba madebe kutwa nzima, ameshiba tu! Na halalamiki. Mwanzoni alikuwa ananung'unika, kwamba wenzake wanakula kwao na yeye anakula stendi nyumbani kwake. Ghafla amekuwa mpole, ananiangalia anatabasamu, ananiuliza kama nimechoka. Siku moja akanishika bega akasema, "Mama Oresti, najua unajitahidi."

Nilikosa usingizi kwa hilo neno. Mwanamke yeyote anajua, mume akianza upole usio na sababu, sababu iko mahali.

(Nabandika kipande kwa kipande, na maoni nayaona. Wewe uliyeandika "weka picha", tulia. Kamera tulikuwa tunaiona siku ya komunyo tu.)

Tatu, nikamwaga majivu.

Asubuhi moja kabla ya lori, nilichukua majivu laini nikayatandaza mlangoni pa jiko, yakawa kama shuka. Nikaondoka naimba. Nilirudi mapema kidogo siku hiyo, Baba Oresti alikuwa ameingia kuoga. Nikainama na tochi.

Alama za ndala za mume wangu nilizitambua hapo hapo, moja ina kidonda kisiginoni alichoshona na waya. Alikuwa ameingia na kutoka. Lakini chini ya hizo kulikuwa na nyingine. Vitundu. Vitundu vidogo vya mviringo, kimoja baada ya kingine, vimezama kwenye majivu. Na pembeni yake mburuzo, kama nguo ndefu imepita inafagia, na kuku nao wamekanyaga kanyaga katikati.

Nilikaa chini palepale.

Mchuchumio, wakuu. Kisigino cha mchuchumio, na gauni linaloburuza. Amevaa mitumba ya kisasa na anajua kusonga ulezi. Mimi hapo nina malapa ya tairi na mikono inayonuka magunia. Nilijilinganisha na huyo mtu nikajiona nimeshashindwa kabla hajajitokeza.

Nililia. Sikuficha, nililia mpaka Baba Oresti akatoka bafuni akauliza kuna nini, nikamwambia moshi.

"Moshi upi?" akauliza.

Nikamwangalia sana. Kwa kweli, moto ulikuwa umeshazimika.

Siku zilizofuata nilimpima kila mwanamke wa Mazwi miguu. Muuza nyanya, mwalimu wa kwaya, binti wa dukani. Nikipishana na mtu nasikiliza viatu. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga nikaficha furushi lile nyuma ya magunia. Nilikuwa nimeamua, nikimkamata, sitagombana. Nachukua mzigo, napanda lori la samaki, naenda Kirando kwa mwanangu, na mabati nitayafuata baadaye.

Lakini nilitaka shahidi wa upande wao. Wasije wakasema nimezusha ili nikimbie na biashara. Nikamfuata Yustina nikamwambia yote. Vitundu, ukoko, "nimeshiba", yote.

Yustina alifura.

"Kaka yangu? Na baba yumo humo humo ndani? Hana hata aibu ya mzee?"

"Mzee mchana analala," nikamwambia. "Wanasubiri alale."

Tukapanga. Alfajiri niliaga kama kawaida, nikapanda lori, nikashukia njiani kabla halijatoka mjini, nikarudi kwa kupita nyuma ya nyumba mpaka uani kwa Yustina. Tukakaa pale tunachambua maharage, macho kwenye paa la jiko langu. Hakuna aliyekuwa anachambua. Tulikuwa tunachanganya mabovu na mazima.

Mchana moshi ukatoka.

Kwanza mwembamba, halafu mzito wa kuni mbichi. Yustina akasimama, akachukua mchi wa kinu. Mimi nilichukua hofu yangu tu. Tulipita kwenye uzio tumeinama, tukafika mlangoni. Ndani nikasikia mwiko unagonga sufuria, taratibu, wa mtu anayejua. Roho iliniuma kuliko ningesikia kicheko.

Yustina akapiga teke mlango.

"Toka wewe kahaba! Leo utatuambia kwenu!"

Kwenye kigoda changu, amefunga gunia tupu kiunoni, fimbo imeegemea ukutani, machozi ya moshi yanamtiririka mashavuni, alikuwa amekaa baba mkwe wangu anasonga ugali.

Hakuacha kusonga. Ulezi ukiuacha unaungua, alijua. Akasema kwa Kifipa bila kugeuka, naweka kwa Kiswahili:

"Yustina, rudishia mlango. Upepo unazima moto."

Mimi nilikuwa nimeshageuka. Nilianguka magoti nje ya mlango, uso ukutani, kanga kichwani. Mkamwana amemfumania baba mkwe jikoni. Hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Nikaangalia chini, nikaona vumbini ile fimbo ilivyopita mlangoni kuingia ndani. Vitundu vidogo vya mviringo, kimoja baada ya kingine. Na mburuzo wa mguu wake pembeni.

Mchi ulimtoka Yustina mkononi.

"Yustina."

"Baba."

"Uko na nani hapo nje?"

"Na... na wifi, baba."

Mwiko ukasimama, halafu ukaendelea.

"Mwambie mwenzako sikuiba. Unga ni wangu, nilikuja nao. Dagaa tu ndio zake."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Nilimsikia kila neno, niko hatua chache tu, lakini heshima ilitaka nisubiri Yustina anirudishie. Naye Yustina alikuwa analia, hakuweza kurudisha kitu.

"Baba, kwa nini unapika? Si unaletewa chakula?"

"Chakula cha mkono nisioujua? Mimi? Sumbawanga hii ya uchawi?"

"Sasa zile sahani zinarudi tupu..."

"Kuku wako wanakula."

"Kumbe! Ndiyo maana hawagusi pumba zangu!"

Mzee hakucheka. Akaepua, akafunika ugali, ndipo akasema lile jambo. Kwamba siku moja mwanawe alimfuata chumbani, amekasirika, akamwambia, "Baba, nyumba hii haina mke. Mwenye nyumba yuko Mwimbi na magunia. Msimu ukiisha nitamrudisha kwao, nioe anayekaa nyumbani." Alikuwa amekuja kuomba baraka.

"Nikamwambia, mkeo anapika. Wewe ndiye hukai ukaona. Lori likishusha mzigo mchana anapita hapa, anapika, anarudi kazini. Kaangalie jikoni kesho." Mzee akafuta macho na mgongo wa mkono. "Sasa nikishasema anapika, si lazima chakula kionekane?"

Ikawa hivyo, wakuu. Kila siku mzee anajikokota mpaka jikoni, anasonga ugali, anakula wake, na wa mwanawe anaufunika pembeni ya makaa pamoja na dagaa. Baba Oresti akirudi kabla yangu anaukuta wa moto, anakula, anaamini ni mkono wangu, na hotipoti anaiona nyongeza tu. Ndiyo ile "nimeshiba". Ndiyo ule upole. "Najua unajitahidi."

Yustina akauliza, "Baba, si ungeniambia mimi nije nipike?"

"Nikuambie wewe, Mazwi nzima ijue?"

Hapo hata mimi na kilio changu nilicheka ndani ya kanga.

Halafu akasema, sauti imeshuka, "Mwambie mwenzako asiache mahindi. Nimeona mabati. Mama yako alilima mpaka anakufa, hakuwahi kununua hata bati moja lililo lake. Na kaka yako asijue. Akijua amelishwa na baba yake wakati ana mke, ataona aibu, na aibu hiyo atamtupia nani? Atamtupia huyo huyo hapo nje."

Kisha akapakua. Akampa Yustina bakuli aniletee. Nikala ugali wa baba mkwe wangu nimekaa nyuma ya ukuta wa jiko, yeye yupo upande wa ndani, ninamsikia anatafuna. Ulikuwa laini, umeiva mpaka katikati, una harufu ya moshi. Nilikuwa sijala chakula cha nyumbani kwangu kwa muda mrefu kiasi kwamba sikujua nalilia nini, aibu au utamu.

Jioni nililifungua lile furushi la nguo, nikazirudisha sandukuni. Mume wangu alipokuja alikula ugali wake, akasema ameshiba. Nilimwangalia. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, juu ya kurudishwa kwetu, juu ya kuombewa baraka mgongoni kwangu. Nikayameza. Mzee alikuwa ameninunulia ndoa kwa mguu mbovu, ningeimwaga mimi?

Biashara sikuacha. Siku nisizosafiri nikawa napika. Siku za Mwimbi Yustina alikuwa anapitia uani, anawasha moto, mzee anamwelekeza kupitia dirisha, maana alikuwa hamwamini mwiko. Wakati mwingine alikuwa anamfukuza kabisa anasonga mwenyewe. Nyonga ilipopata nafuu akarudi kwao. Tulimzika huko miaka kadhaa baadaye, na mimi na Yustina tulilia tofauti na waombolezaji wengine. Watu wakashangaa mkamwana anavyomlilia mkwe.

Sasa funzo, maana najua kuna wanaosoma mwisho tu.

Kupumzika kupika si dhambi. Nimepumzika mara nyingi tangu hapo, mwaka jana nilipumzika karibu msimu mzima na hakuna aliyekufa. Lakini usiache jiko kimya kimya. Kaeni chini mseme, jamani mimi siku hizi nimezidiwa, nani atakula nini, nani atapika. Sisi hatukusema. Mwanaume akanung'unika kwa baba yake, mimi nikanung'unika kwa majivu, na aliyeumia ni mzee mwenye fimbo ambaye hata kumuuliza kama amekula nilikuwa siruhusiwi.

Na nyie mlioniandikia inbox kwamba wakwe wote ni maadui, someni tena.

Nimebakiza jambo moja, ndilo hasa lililonileta.

Baba Oresti hajui mpaka leo. Sasa ni mzee, humu haingii, simu yake ni ya tochi. Na kila nikisonga ugali wa ulezi, miaka yote hii, anaonja, anatikisa kichwa, anasema, "Ni mzuri. Ila ule wa kipindi kile cha mahindi, Mama Oresti, sijui ulikuwa unautia nini." Yustina akiwepo anapaliwa. Mimi nasema, nilikuwa kijana bado.

Wiki iliyopita aliumwa, akakataa kila kitu. Uji hataki, supu hataki. Mwishowe akasema labda ule ugali wa zamani angeweza. Nikaenda jikoni, nikaacha jiko la gesi, nikawasha kuni mbichi, nikakaa kwenye kigoda nikasonga taratibu kama nilivyosikia siku ile mlangoni. Nikamletea na dagaa.

Akala tonge la kwanza, akafumba macho. Nikangoja.

"Umekaribia," akasema. "Bado kidogo."

Wakuu, nimwambie alikuwa anakula mkono wa baba yake, au nimwache aendelee kuusubiri kwangu? Nasoma maoni yote, hata ya matusi.